Tajiri wa mbali anataka nimgeuke jirani yangu wa stoo

BARUA

Shikamoo Mama,

Nilianza kusoma safu yako zamani, nikiwa bado nauza mapazia Kariakoo kwenye fremu ya mama mkubwa, na nilikuwa nacheka matatizo ya watu. Leo ni zamu yangu.

Nina miaka 39 na huu ni mwaka wangu wa tisa Guangzhou, kusini mwa China. Kazi yangu ni kukusanya mizigo. Mfanyabiashara wa nyumbani ananunua, awe amekuja mwenyewe au ameagiza kwa simu, na muuzaji anauleta mzigo kwenye stoo yangu, si mbali na Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wa huku tunaujua kama viganja vyetu. Napima, naandika, nahifadhi. Mzigo ukitosha kontena la futi 40, unakwenda bandarini na kupanda meli ya Dar. Mwenye boksi tatu analipia nafasi ya boksi tatu. Ndiyo riziki yangu, na ndiyo inayomsomesha binti yangu wa kidato cha tatu anayekaa na bibi yake Mbagala.

Mkabala na mlango wangu kuna stoo ya kaka mmoja, naye wa nyumbani. Nitamwita Jirani. Alikuja miaka miwili baada yangu. Wateja wake wengi ni wa spea za pikipiki na taa za magari, wangu ni wa vitambaa na mapazia, kwa hiyo mwanzoni hatukugusana. Kontena linakula kama CBM 68, yaani mita za ujazo 68, ukilipanga vizuri, na mwezi mbaya unaweza kukusanya 40 tu, wateja wanapiga simu kila siku, na wewe huwezi kupandisha kontena lenye pengo. Miezi hiyo mimi na yeye tunachangia kontena moja. Vyuma vyake vinakaa chini, vitambaa vyangu vinakaa juu, na gharama tunagawana. Kila mmoja anamwachia mwenzake nakala ya orodha ya mzigo, kwa sababu Dar mtoaji mzigo ni mmoja.

Miezi mizuri ndiyo tunayogombana. Sikatai kwamba hata mimi nimewahi kuwapata wateja wake wawili watatu wa spea, lakini hao walikuja wenyewe. Alichonifanyia yeye ni kingine. Oktoba iliyopita, msimu wa maonyesho ya biashara ya Canton, mteja wangu mkubwa kuliko wote, mama mmoja wa mtaa wa Kongo, Kariakoo, niliyemhudumia miaka sita, alishusha mzigo kwake. Hakuna aliyeniambia. Niliona tu marobota yakipita mbele ya mlango wangu kwenye mkokoteni, jina la yule mama na namba yake ya simu vimeandikwa ubavuni kwa wino mweusi, kwa mwandiko wa kijana wa Jirani. Kijana wangu wa stoo akaniambia Jirani amemshushia yule mama dola 20 kwa kila CBM. Tangu siku hiyo salamu zetu ni za mdomo tu.

Sasa amejitokeza tajiri mmoja yuko Dubai. Anaongea Kiswahili safi cha Unguja, na kazi yake kubwa ni spea, anazichukua China, anazipitisha Dubai, anazipeleka Dar. Ananipa haya: nafasi kwenye makontena yake kila mwezi, nijaze nisijaze, kwa bei ambayo sijawahi kuiona, na watu wake Dar watautoa mzigo wangu bandarini pamoja na wake. Sharti ni mawili. La kwanza, nisichangie tena kontena na Jirani. La pili, nimpe orodha za mizigo ya Jirani nilizonazo, majina na namba za wateja. Anasema yeye hana mpango wa kufungua ofisi Guangzhou, yuko mbali, mimi ndiye nitakuwa mkono wake.

Chini ya jengo letu kuna mama wa Kikantoni anayeuza maboksi matupu na solotepu. Tunamwita Lobanneung, yaani mke wa bosi, ingawa huyo bosi hatujawahi kumwona. Mimi na yeye tunapatana. Ukimmiminia chai anagonga meza mara mbili kwa vidole viwili, ndiyo asante yao. Nilimweleza habari yote kwa Kichina changu cha sokoni nikiwa nimeshika simu, ujumbe wa tajiri uko wazi. Akacheka, akaielekezea simu kidole, akasema: "Yun gaau gan gung." Nikamwomba arudie, nikaiandika. Maana yake, fanya urafiki na wa mbali, mpige wa karibu. Nimeambiwa ni msemo wa zaidi ya miaka elfu mbili, wafalme wameutumia. Nikasema basi, hata wenyeji wameniunga mkono.

Kweli, Aprili 2020, Waafrika tulipokuwa tunatolewa kwenye nyumba kwa sababu ya korona, nililala kwa Jirani na mkewe siku kumi na moja, lakini hayo yameshapita na biashara ni biashara.

Tajiri anataka jibu kabla ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, viwanda vinapofunga. Kaka yangu Dar ananiambia nikichelewa nitalia. Mimi usingizi umekata. Je, Mama, kutumia akili ni dhambi? Nimfuate wa mbali?

Niliye Katikati,
Guangzhou


MAMA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole na usingizi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma na kalamu mkononi. Acha kwanza nikurudishie nilichosikia, unisahihishe kama nimekosea. Una jirani ambaye ni mshindani wako na pia ni mwenzako wa kuchangia. Amekuuma, au unaamini amekuuma. Ametokea mtu mwenye nguvu kuliko nyote wawili, anakupa nafuu kubwa, na bei ya nafuu hiyo ni kumgeuka jirani. Kisha umepata msemo wa kale unaofanya jambo hilo lionekane kuwa hekima. Swali uliloniuliza ni kama kutumia akili ni dhambi. Hapana, si dhambi. Ila sina hakika kwamba hilo ndilo linalokukosesha usingizi.

Tuanze na msemo wenyewe. Nina mpwa aliyesoma Guangzhou miaka mitano, nikampigia, tukakaa kwenye simu mpaka salio likakata. Msemo ni wa kweli, na hadithi yake imeandikwa na Sima Qian, mwanahistoria mkubwa wa China ya kale. Enzi hizo China haikuwa moja. Zilikuwa falme saba zikipigana: Qin upande wa magharibi, Qi mashariki kabisa karibu na bahari, katikati Han, Wei na Zhao, kisha Chu na Yan. Mfalme wa Qin alikuwa anahangaika kupeleka jeshi mbali kuipiga Qi, akiwaruka majirani. Mshauri mmoja, Fan Ju, akamwambia anapoteza nguvu. Fanya urafiki na walio mbali, piga walio karibu, na kila shubiri ya ardhi utakayoipata itakuwa shubiri yako. Mfalme akapendezwa. Mwaka 266 kabla ya Kristo Fan Ju akawa waziri mkuu.

Ulipousikia msemo huu, wewe ulijiweka kwenye kiti cha nani? Naona umejiweka kwenye kiti cha mfalme wa Qin. Wewe ndiye unayefanya urafiki na wa mbali, wewe ndiye unayempiga wa karibu. Lakini hebu tazama nani aliyeanza mazungumzo, nani mwenye makontena, nani anayeweka masharti. Na ukaribu katika biashara haupimwi kwa maili. Tajiri anauza spea. Jirani anasafirisha spea. Wako mlango kwa mlango, hata kama kati yao kuna bahari. Wewe wa mapazia ndiye uliye mbali naye.

Na yule wa mbali, mwanangu, mwisho wake ulikuwaje? Qi iliupokea urafiki. Kwa zaidi ya miaka arobaini mfalme wake wa mwisho alikaa kwa amani na Qin, hakuwasaidia majirani zake walipopigwa, na mawaziri wake, anavyosimulia Sima Qian, walikuwa wanapokea dhahabu ya Qin na kumwambia mambo ni shwari. Han ikaanguka mwaka 230. Mji mkuu wa Zhao ukatekwa 228. Wei 225, Chu 223, Yan 222. Mwaka 221 ikabaki Qi peke yake, na Qin haikuwa na jirani mwingine wa kupiga. Qi ilisalimu amri bila vita vya maana. Na njaa ile haikuishia hapo: mwaka 214 majeshi ya Qin yalishuka kusini hadi nchi ya Wakantoni, na mji uliozaliwa kwa kuja kwao, Panyu, ndio huo Guangzhou unaokaa wewe na stoo yako.

Sisemi tajiri wako ni Qin. Simjui. Inawezekana ni mzee mwema aliyechoka kulipia mzigo wake kupitia Dubai, anatafuta mtu mwaminifu huko. Ninachouliza ni kidogo tu: spea zikishakuwa zake zote, mpaka wake utakuwa umefika wapi? Utakuwa umefika kwenye mapazia.

Sasa mrudie Lobanneung. Umeandika kwamba alicheka na akaielekezea simu kidole. Hukuandika kwamba alikuelekezea wewe. Mimi sikuwepo, lakini maneno manne hayo yanaweza kuwa ushauri, na yanaweza pia kuwa jina la mchezo alioutambua, kama mtu anayechungulia bao la wenzake akasema "hapo umetegwa". Mpwa wangu anasema Wakantoni wana msemo mwingine unaoanza na neno lile lile: "Yun chan bat yu gan leun." Ndugu wa mbali hamfikii jirani wa karibu. Yun ya kwanza ndiyo yun ya pili, na gan ni gan. Sisi nasi tunao huo huo, heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na tunasema pia fimbo ya mbali haiui nyoka. Misemo ni kama duka la mangi, kila mtu anatoka na alichofuata. Mama yule amekaa kwenye maboksi yake akijua yote mawili. Ulimuuliza lini kwa nini alichagua lile?

Hayo ni ya wafalme. Nije kwenye stoo.

Kuna kitu umekiandika wewe mwenyewe ukakipita. Ulijua marobota ni ya yule mama wa mtaa wa Kongo kwa sababu jina na namba yake ya simu vilikuwa ubavuni kwa wino mweusi. Ndivyo mizigo yote inavyotembea, nimewahi kuishika kwa mikono yangu. Marehemu mume wangu alikuwa na duka la vyombo Tanga na kila katoni ilikuja na jina letu limekwaruzwa. Sasa fikiria kontena la kwanza utakalompa tajiri. Watu wake Dar ndio watakaolifungua, na kila boksi lako litawatazama likiwa na jina na namba. Baada ya makontena mawili atakuwa na orodha yako kamili bila kukuomba. Ya Jirani anaiomba kwa sababu hana njia nyingine ya kuipata. Ya kwako haombi. Hilo lisikutie hofu kuliko inavyostahili, lakini lihesabu. Wapo wanaoandika alama na namba za siri kwenye maboksi badala ya majina, na daftari la majina likabaki kwao. Kama utafanya kazi na mtu yeyote mkubwa kuliko wewe, jambo hilo dogo la wino linafaa kufikiriwa kabla ya bei.

Kuhusu Jirani, nina maswali, na usinikasirikie. Wateja wake waliokuja kwako "walikuja wenyewe". Mteja wako aliyekwenda kwake "alichukuliwa". Inawezekana ndivyo ilivyo. Lakini nani aliyekuambia habari ya dola 20? Kijana wa stoo. Yeye alisikia kwa nani? Yule mama wa mtaa wa Kongo ulimhudumia miaka sita, na kwa miezi yote tangu Oktoba hukumpigia kumuuliza, "Mama, nilikukosea wapi?" Pengine kweli alishushiwa bei. Pengine kontena lako lilichelewa msimu wa sikukuu akapoteza mauzo, akaona haya kukuambia. Mimi wateja wangu wawili waliwahi kunihama, mmoja kwa bei, mwingine, nilikuja kujua baadaye sana, kwa sababu nilimjibu vibaya binti yake. Kwa ajili ya huyo wa pili nilimlaani mshindani wangu miaka mitatu bure.

Na kuna ule mstari wa Aprili 2020. Barua yako ina maneno mengi juu ya dola 20 na mstari mmoja tu juu ya siku kumi na moja, tena umeuanza na "kweli" kama mtu anayelipa deni dukani ili asidaiwe tena. Wengi wa wasomaji wangu wanakumbuka picha za siku zile, Waafrika Guangzhou wamekaa kandokando ya barabara na mabegi yao usiku. Kumpokea mtu ndani wakati ule kulikuwa na hatari yake kwa mwenye nyumba pia. Silisemi hili ili kukufunga. Fadhila si pingu, na mtu aliyekusitiri mwaka 2020 anaweza kweli kukudhulumu miaka iliyofuata, binadamu ndivyo tulivyo. Nauliza tu kwa nini mstari huo umekataa kubaki nje ya barua.

Yule Fan Ju naye alikuwa na kisa cha namna hii. Kabla ya kuwa mkubwa, alikuwa mtumishi huko kwao Wei. Bwana wake, Xu Jia, alimshuku kwamba anauza siri, akamsemea kwa waziri. Wakampiga mpaka mbavu na meno vikavunjika, wakamviringisha kwenye jamvi, wakamtupa chooni, na walevi wakamkojolea. Akatoroka, akabadili jina, akaibukia Qin. Kwa hiyo mshauri aliyesema "mpige wa karibu" alikuwa na kidonda chake na watu wa karibu, na mimi huwa namwangalia mara mbili mshauri mwenye kidonda. (Kaka yako wa Dar anayekuambia utalia, yeye ana jambo gani na Jirani? Au na tajiri?) Miaka ikapita, Xu Jia akatumwa Qin kama mjumbe. Fan Ju akavaa matambara akaenda kumwona. Xu Jia hakujua kwamba mtu aliye mbele yake ndiye waziri mkuu, akamwonea huruma kwa baridi, akampa chakula na joho lake. Alipokuja kujua, alitambaa kwa magoti. Fan Ju akamsomea makosa yake yote, akamdhalilisha mbele ya wageni, lakini hakumuua, kwa ajili ya lile joho. Mtu yule yule aliyevumbua "mpige wa karibu" alishindwa kulisahau joho moja. Zile siku kumi na moja kwa Jirani na mkewe zimefanana nalo kidogo, ndiyo maana nimekusimulia.

Basi tuziangalie njia, nikujuavyo kupitia barua.

Unaweza kumkubali tajiri kwa masharti yake yote. Faida zake unazijua kuliko mimi: nafasi ya uhakika, hakuna tena kulia na pengo la CBM 28, ada ya shule haikosekani. Hatari yake ni kwamba meli itakuwa yake, utoaji mzigo bandarini utakuwa wake, na wewe utabaki na kipimo na mizani. Siku akipandisha bei, utamkimbilia nani? Jirani atakuwa hayupo, au yupo na hakutaki.

Unaweza kuuchukua mkono wake mmoja na kuuacha mwingine. Mwambie: nipe nafasi ya CBM kadhaa kwa miezi mitatu tuonane kazi, utoaji mzigo nabaki na mtu wangu, na orodha za mwingine sizitoi. Jibu lake litakufundisha mengi. Kama alichokihitaji ni mkono mwaminifu Guangzhou, atavutiwa na mtu anayetunza siri za watu. Kama atakata simu, utakuwa umejua alichokuwa anakinunua. Hatari ya njia hii ni dhahiri: unaweza kubaki bila chochote, na anaweza kwenda kumpa Jirani ofa ile ile juu yako. Usidhani hilo haliwezekani. Pengine ameshampa.

Hilo linaleta njia ya tatu, kuvuka ule ukumbi na kugonga mlango wa Jirani. Wapo watakaokuambia muungane, wadogo wakishikana mkubwa hawawezi. Ni kweli, na si rahisi. Zile falme sita nazo zilijaribu kuungana dhidi ya Qin, zaidi ya mara moja, na muungano ulikuwa unavunjika kila mmoja akimshuku mwenzake kwamba usiku anapokea zawadi. Ukienda kwa Jirani na habari ya umoja huku jambo la Oktoba halijasemwa, mtakunywa chai na kuachana mkiwa maadui wenye adabu. Ukienda na jambo la Oktoba, inaweza kuwa kelele, inaweza kuwa mwanzo. Pengine mnahitaji kitu kidogo kuliko umoja: karatasi moja inayosema kwenye kontena la kuchangia nani analipa nini, na mteja akihama mwenye stoo anaambiwa siku hiyo hiyo. Mshindani unayemjua ana faida yake, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lakini bado ni zimwi, na wewe ndiye unayejua meno yake.

Na unaweza kukaa kimya, ukaacha sikukuu ipite. Watu huidharau njia hii. Kusubiri kuna gharama, ila mwenye haraka katika habari hii ni tajiri na kaka yako. Wewe hukuniambia mzigo wako wa mwezi huu umekwama.

Jambo moja nalitenga na haya mengine, kwa sababu halihusu wewe na Jirani pekee. Zile namba za simu si za Jirani. Ni za watu wa spea wa Kariakoo waliomwachia mtu namba ili mzigo wao usipotee. Nyumbani sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na China nao wana yao iliyoanza Novemba 2021, kwa hiyo kabla hujatuma picha ya karatasi hata moja, muulize mwanasheria, si mimi. Na ujiulize tajiri atakuonaje baada ya kuipokea. Atakuwa na ushahidi kwenye simu yake kwamba ukipewa bei nzuri, unatoa orodha za watu.

Mpwa wangu amenifundisha na msemo mwingine wa Kikantoni, "gwai da gwai", mzimu kumpiga mzimu, wanausema watu wa upande mmoja wakitafunana wenyewe. Akaniambia pia kwamba neno hilo gwai nyie Waafrika mmewahi kulisikia mkiitwa nalo kwenye basi, kwa ubaya. Nilifikiri niliache. Kisha nikawaza milango miwili inayotazamana, wote wawili wa nyumbani, wote mkiitwa hivyo mkipanda basi moja.

Sitakuambia uende wapi, mwanangu. Ningekuwa na miaka 39 na ada ya kidato cha tatu mbele yangu, sijui ningefanya nini, na asiyekiri hivyo hajawahi kudaiwa ada. Ila kabla hujamjibu tajiri, shuka chini ununue solotepu hata kama unayo. Mmiminie Lobanneung chai, subiri agonge vidole vyake viwili, kisha muulize siku ile alikuwa anamsema nani. Niandikie alivyojibu. Na binti wa Mbagala, nisalimie.